Kutafuta Ukingo wa Mwishomaji: Siku Saba kutoka Bahi hadi Kitangiri

Kwa miaka mitatu sasa, kila Jumamosi jioni, watu sita hukusanyika sebuleni kwangu hapa Dodoma kucheza mchezo wa masimulizi, ambamo kila mmoja ana mhusika wake, dadu huamua bahati yake, na mimi ndiye ninayeisimulia nchi wanayoipita. Nchi hiyo ni ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwezi wa nane wahusika wao walifika mpakani, wakanidai mji: mji wa mwisho wa dola, ulio kando ya ziwa ambalo hakuna aliyewahi kurudi kusimulia habari za ng'ambo yake. Niliuita Mwishomaji, na kwa kuwa kazi inayonilisha ni upimaji wa ardhi, niliuchora kwa usiku mmoja kama ninavyochora mtaa wowote: ziwa la wino wa buluu, gati la mawe, ukuta wenye milango minne, mnara wa taa, na viwanja 200 vyenye namba. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ndiye mdogo kuliko wote mezani, aliitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, hili ziwa mbona limetulia kama maji ya beseni?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimechora ziwa la nchi ambayo sijawahi kuishi. Niliomba likizo ya wiki moja, nikaamua kuyafuata maziwa ya kanda yetu ya kati nione mji wa mpakani ungewezaje kukaa kando yake. Haya ni maandishi ya daftari la safari, niliyoyanyoosha lugha tu.

Siku ya kwanza, Jumapili: Dodoma hadi Bahi

Mji ninaotoka ulichorwa kabla haujajaa watu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo, ikapima na kupanga hadi ilipovunjwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Kazi nimejifunzia kwenye bikoni za mamlaka hiyo, alama za mipaka ya viwanja, zile za zege ambazo hadi leo tunazifukua vichakani na kuzipangusa vumbi kwa kiganja ili tusome namba. Kwa hiyo kichwani mwangu mji huanza na mchoro, na watu huja baadaye wakiwa na barua ya kiwanja mkononi.

Jina la mji, hata hivyo, lina habari ya zamani kuliko mchoro wowote. Wagogo husimulia kwamba tembo alishuka kunywa maji, akakwama kwenye tope, akadidimia, na walioliona jambo hilo wakasema "idodomya", yaani amezama. Nimelisikia simulizi hilo tangu utotoni bila kulitilia maanani. Leo, basi lilipokuwa likiteremka kuelekea magharibi, na ardhi ikaanza kulala chini zaidi ya nilivyoizoea, niliandika pembeni mwa ukurasa: "Mwishomaji: tembo yuko wapi?"

Bahi iko kiasi cha kilomita 60 kutoka Dodoma, nami nilifika kabla ya adhuhuri. Nilichukua chumba katika gesti iliyo karibu na barabara, nikala wali wa Bahi kwa kambare wa mchuzi, mchele ambao wenyeji hawaukubali kuulinganisha na wa Mbeya hata ukiwabembeleza. Majaruba yalikuwa makavu kwa kuwa mavuno yalikwisha kupita, na mabua yaliyobaki yalikuwa yakiliwa na ng'ombe. Jioni nilitembea hadi kwenye reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Maji sikuyaona popote. Nilimwuliza mwenye gesti ziwa liko upande gani, akanyoosha mkono kuelekea kusini, kisha akauzungusha kidogo, kama mtu asiyetaka kuapa.

Siku ya pili, Jumatatu: Mbugani

Asubuhi mwenye gesti alinikutanisha na mzee mmoja anayelima mpunga na ambaye, maji yanapopatikana, huvua. Nilimsalimu kwa Kigogo kidogo ninachokijua, "Mbukwenyi, babu," akaniitikia kwa furaha, kisha akaendelea kwa Kiswahili, pengine kwa kunihurumia. Saa moja tulikuwa njiani kwa miguu.

Sina budi kueleza bonde la Bahi lilivyo, maana hapo ndipo mipango yangu ilipoanza kuharibika. Mto Bubu hutoka kwenye miinuko ya Kondoa, ukashuka kuelekea kusini, lakini haufiki baharini. Huishia hapa, kwenye sakafu ya bonde la ufa, ambako maji hutandaa yakakosa pa kutokea. Yaliyoingia hayana njia nyingine ila kunywewa na udongo au kupanda angani kwa jua na upepo. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua la hapa lina uwezo wa kukausha kiasi kinachoizidi mvua hiyo mara kadhaa. Mwaka wa mvua nzuri panakuwa na ziwa, lenye mitumbwi, ndege na kelele za wavuvi. Mwaka wa ukame panakuwa na uwanda ambao baiskeli inaweza kuukatiza.

Tulitembea saa nzima juu ya udongo mweusi uliopasuka vipande vya ukubwa wa sahani, kingo zake zimejikunja juu kama maganda ya muhogo yaliyoanikwa. Kwenye kichuguu kimoja mzee alisimama, akanionyesha kwa fimbo makombe meupe ya konokono wa maji yaliyogandamana usawa wa kiuno changu. "Hapa tulipita na mtumbwi," alisema. Mbele zaidi, tope lilipoanza kuwa na unyevunyevu, zilisimama nguzo za ua wa jaruba, peke yake, mbali na shamba lolote. Mwaka fulani wa shida watu waliyafuata maji hadi pale wakapanda. Nilimwuliza swali ambalo kwangu ni la kila siku ofisini: "Babu, sasa mpaka wa maji ni upi?" Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

"Wa mwaka gani, mjukuu wangu?"

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita hizo nimezipima mara nyingi, na nimewahi kugombana na mwenye kiwanja kwa ajili ya mita mbili tu. Pale mbugani, ukingo wa Machi na ukingo wa Septemba unaweza kutenganishwa na mwendo wa saa nzima, na ukingo wa mwaka huu haudaiwi chochote na ukingo wa mwaka ujao. Nilisimama na kifaa changu mkononi, nikijua vizuri kabisa mahali niliposimama juu ya dunia, nisijue kama nimo ziwani au niko nje.

Adhuhuri tulifika kwa mama mmoja wa makamo ambaye mzee alimwomba anionyeshe namna chumvi inavyopatikana. Alikwangua kwa kipande cha bati ule unga mweupe unaoota juu ya udongo maji yakishaondoka, akaujaza kwenye chungu chenye tundu kitakoni, tundu lililozibwa kwa nyasi kavu zilizosokotwa. Kisha akamimina maji kwa kibuyu, kidogo kidogo, akakaa kimya kama anayesikiliza. Tone la kwanza lilikawia. Lilipoanguka kwenye sufuria ya chini lilikuwa na rangi ya chai kavu. Niliomba nijaribu, nikamimina kwa haraka, nyasi zikafumuka, na tope lote likashuka sufuriani kwa mkupuo mmoja. "Kaka, haya hayaendi kwa pupa," alisema bila kukasirika, akaanza upya. Yale maji ya rangi aliyachemsha kwenye karai hadi yakawa mazito na ya kijivu, ndipo chumvi ikaanza kushika ukingoni kama ukoko wa uji. Nilionja: mbele kulikuwa na ukali wa chumvi, na nyuma yake uchungu wa magadi uliokaa ulimini hadi jioni. Zamani chumvi ya Ugogo ilibadilishwa kwa nafaka, na mtu akiuona uwanda ule haimshangazi, kwa sababu ziwa likiondoka ndipo linapoacha mali yake.

Usiku niliifungua ramani ya Mwishomaji kitandani, kwa mwanga wa tochi, nikalifuta gati la mawe. Mahali pake niliandika cheo: Mpima Ukingo, ofisa wa dola ambaye kila mwanzo wa msimu huenda hadi maji yanapoishia na kupigilia kigingi kimoja chenye alama ya mwaka. Vigingi vya watangulizi wake vimesimama kwa safu, vingine katikati ya nchi kavu, vingine vikitokeza vichwa majini, na wafanyabiashara wa chumvi huvisoma kama sisi tunavyosoma kalenda. Tembo naye nikamweka: amelala chini ya ziwa tangu alipozama, hakufa, na anapotoa pumzi maji hutandaa, anapovuta maji hurudi. Sijui kama wachezaji watalikubali jambo hilo.

Siku ya tatu, Jumanne: Kilimatinde

Nilipanda basi hadi Manyoni, ambayo iko juu ya ukingo wa bonde la ufa, kisha nikachukua bodaboda kurudi nyuma hadi Kilimatinde. (Kwa msomaji anayepanga safari kwa treni ya reli ya kisasa: Makutupora anayoisikia ikitajwa ni ya upande huu wa Manyoni, wala si Makutupora iliyo kaskazini mwa Jiji la Dodoma yenye visima vinavyolinywesha jiji. Nimewahi kumpoteza mgeni kwa kosa hilo.)

Kilimatinde leo ni kijiji kitulivu, na asiyejua anaweza kupita bila kugeuza shingo. Lakini ukisimama ukingoni ukatazama mashariki, uwanda wote wa Bahi unaonekana umelala chini, wa rangi ya majivu, na unaelewa kwa nini Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hapa katika miaka ya 1890. Mtu aliye hapa humwona anayekuja siku nzima kabla hajafika.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii ya Ugogo. Kabla ya kuifikia, msafara ulivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka. Baada ya kuiacha, ulikabiliwa na Mgunda Mkali, pori jingine la siku nyingi. Katikati ya ukali huo wa pande mbili palikuwa na visima na mabwawa ya watemi wa Kigogo, na mtemi alitoza hongo, yaani ushuru wa kupita: mikono ya nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wageni wa namna hiyo wameandika kurasa nyingi za kulalamikia hongo hiyo kana kwamba ilikuwa unyang'anyi. Kwa macho ya mpima ardhi naona jambo la kawaida kabisa. Mwenye maji katika nchi kame alikuwa akiuza maji, chakula na usalama kwa watu mamia waliofika kwa mkupuo mmoja na ambao wangevimaliza visima vyake kwa siku mbili. Leo tungeiita ada, tungetoa stakabadhi, na watu wangeendelea kulalamika vilevile.

Niliketi juu ya jiwe nikauondoa ukuta wa Mwishomaji. Mji wa mpakani katika nchi kama hii hauhitaji ukuta wenye milango minne, kwa sababu anayetaka kuuzunguka na auzunguke, atakufa kwa kiu. Kinacholindwa ni visima. Nilichora visima saba, kila kimoja kikiwa na nyumba ya tembe kando yake, ile yenye paa tambarare la udongo, na juu ya paa mlinzi mwenye ngoma. Mji una mtemi, naye ni mwanamke, na hongo yake hutozwa kwa kila mnyama anayekunywa, wala haitozwi kwa mtu, ili maskini anayesafiri kwa miguu apite bure. Nilifurahi kwa uamuzi huo, kisha nikakumbuka kwamba katika kundi langu kuna mchezaji ambaye mhusika wake anamiliki punda kumi na wawili.

Manyoni nilinunua chupa ya asali ya msitu wa Itigi, nyeusi na nzito, nikalala mapema.

Siku ya nne, Jumatano: Barabarani

Rejeta ya basi ilipasuka kati ya Manyoni na Singida, tukakaa kando ya barabara kwa saa tatu na nusu chini ya mbuyu mmoja uliotosha abiria wote. Sina la kuandika zaidi ya hilo, ila kwamba mama mmoja alikuwa na kuku kumi ndani ya tenga, na walipoanza kuhema kwa joto abiria walichangia maji yao ya kunywa bila kuombwa. Niliingia Singida usiku.

Siku ya tano, Alhamisi: Singidani na Kindai

Singida ina maziwa mawili, moja kwa kila shavu: Singidani, lililo kubwa, na Kindai, dogo, upande wa kusini. Wanaokuja mara ya kwanza hushangazwa kwanza na upepo, ambao hauachi kuvuma, kisha na mawe, majabali ya matale yaliyopangana juu ya mengine kama mizigo iliyoachwa na watu waliokimbia. Nyumba zimejipenyeza kati yake. Nimeona ua mmoja ambao kuta zake tatu ni jabali na wa nne tu ndio wa matofali.

Nilifika ufukweni mwa Singidani kabla jua halijapanda. Maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu, na kandokando yake pana ukanda mweupe wa magadi unaovunjika chini ya kiatu kwa sauti ya vipande vya mkate mkavu. Heroe walikuwa wamesimama mbali, mstari mwembamba wa waridi, vichwa chini. Kijana mmoja alikuja na madumu manne ya manjano kwenye baiskeli, nikadhani anakuja kuchota. Alilipita ziwa bila kulitazama. Nilimfuata kwa macho hadi alipopotea nyuma ya majabali, na nilipomkuta tena akirudi, madumu yamejaa, nilimwuliza maji ameyatoa wapi. Akajibu kwamba ameyatoa bombani, kisha kwa adabu, kwa sauti ya kumfahamisha mgeni, akaongeza, "Haya ya ziwa hayanyweki, mzee."

Neno "mzee" lilinichoma kidogo, lakini habari yenyewe ilikuwa na uzito zaidi. Watu wanaishi mtaa mmoja na ziwa na bado wanapanga foleni ya maji. Sababu ni ileile ya Bahi: bonde halina pa kumwagia, maji yanapanda angani na chumvi haipandi, kwa hiyo mwaka baada ya mwaka kilichoyeyuka hubaki na kuongezeka. Kumbe visima nilivyovichora Kilimatinde vilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani; mji wote wa Mwishomaji unakaa kando ya maji usiyoweza kuyanywa, ukiishi kwa maji usiyoyaona.

Jioni, chini ya jabali lililonikinga upepo, niliutoa mnara wa taa. Mnara ni wa meli, na meli haziji kwenye ziwa ambalo msimu mmoja lina kina cha mtu na msimu mwingine cha kifundo cha mguu. Badala yake nikaupa mji upepo. Wazee wa Mwishomaji husema ni masikio ya yule tembo, ambayo bado yako nje ya tope, ingawa hakuna aliyeyaona kwa sababu ni makubwa mno kuonekana. Mkulima wa alizeti wa huko hupanda kwa kuufuata upepo huo. Alizeti nimeichukua Singida bila kuibadilisha jina; kuna mambo ambayo msimulizi hawezi kuyaboresha.

Siku ya sita, Ijumaa: Sekenke na Kitangiri

Basi la kuelekea Nzega huteremka mlima wa Sekenke kwa kona zinazowanyamazisha hata abiria wanaojua kuongea. Chini ya mlima huo kuna habari ambayo niliijia makusudi. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa wakati wa Wajerumani, na mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wamezingirwa na kukosa fedha, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja wa sarafu hiyo kuna tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Dola iliyokuwa ikikaribia kupoteza nchi yote ilijitengenezea fedha mbichi za dhahabu kwenye karakana ya kutengenezea injini. Sijawahi kubuni jambo la mpakani lililo zuri kuliko hilo, nami nimelichukua lilivyo: Mwishomaji una sarafu yake, imepigwa na wahunzi wa mikokoteni, ina picha ya tembo, na miji ya katikati ya dola haiipokei.

Nilishuka Shelui, nikapata bodaboda hadi kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Kitangiri. Ziwa hili lina tabia tofauti na yale niliyoyaona. Linapokea maji ya mbuga za Wembere, na lina mlango wa kutokea, mto Sibiti, unaoyapeleka Ziwa Eyasi. Ndiyo maana lina samaki wa kutosha kuwalisha watu, perege na kambare hasa. Nalo pia ni la kina kifupi, na ufuko wake hauna msimamo. Mwalo wenyewe ulikuwa na vibanda ishirini hivi vya miti na matete, chanja za kukaushia samaki, mama lishe mmoja, fundi baiskeli mmoja, na duka la vocha lililojengwa kwa mabati mawili. Niliuliza mwalo huu una umri gani, nikajibiwa kwamba una umri mkubwa sana, ila haujakaa hapa kwa muda mrefu. Maji yakisogea, watu hufungua kamba, hubeba nguzo na matete, na kuusimamisha mji wao pale maji yalipo. Hata duka la vocha huhamishwa na vijana wanne kwa nusu saa. Majirani hubaki majirani, kila mtu akijua kibanda chake ni cha pili kutoka kwa nani.

Nilikaa na mvuvi mmoja wa umri wangu aliyekuwa akitengeneza wavu. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuvitazama: alipitisha sindano ya mti, akalikaza fundo juu ya kijiti kinachopima ukubwa wa jicho, akakata kwa meno. Nilitaka kusikia habari za ng'ambo, kwa kuwa ng'ambo ndiyo roho ya mchezo wetu; wachezaji wangu wote wanaiogopa na kuitamani. Ukungu ulikuwa umeifunika. Niliuliza kwa sauti niliyoona inafaa kwa jambo la siri, "Kaka, huko ng'ambo kuna nini?"

"Wakwe zangu," alisema, akaendelea kushona.

Alipoona nimenyamaza alinihurumia, akaeleza kwamba mkewe ni Msukuma, kwamba watu wa huko huja na ng'ombe wakati wa kiangazi, hununua samaki wakavu, huuza mahindi, na kwamba anayetaka kuvuka kwa mtumbwi na aamke mapema kabla ya upepo na akae mbali na viboko. Viboko ndio walinzi pekee wa mpaka niliowasikia wakitajwa siku zote hizi, nao hawapokei hongo. Wakati wa kuagana alinipa kipande cha uzi wa wavu wa buluu, urefu wa mikono mitatu hivi, baada ya kuniona nikiutazama mno. Nilitaka kulipa, akakataa, akaniomba nimnunulie soda mtoto wake.

Siku ya saba, Jumamosi: Dodoma

Nilirudi kwa basi la alfajiri na kufika nyumbani alasiri, nikiwa na muda wa kuoga na kupanga viti. Ile ramani ya wino sikuitoa kabatini. Nilitandika karatasi mpya nyeupe, nikaweka juu yake visima saba kwa vizibo vya soda, tembe kwa viberiti, na safu ya vigingi kwa njiti. Ziwa halikuchorwa. Nililaza tu ule uzi wa buluu kutoka ukingo mmoja wa meza hadi mwingine, nikaeleza kwamba kila mwanzo wa msimu mchezaji mmoja atarusha dadu na kuusogeza.

Mwenye punda kumi na wawili alihesabu kwa haraka hongo yake, akalalamika, kama nilivyotarajia. Nilipowaambia kwamba ng'ambo kuna watu walio wakwe wa watu wa Mwishomaji, palitokea ukimya mrefu kuliko wote niliowahi kuusababisha kwa majitu na mashetani. Mpwa wangu alirusha dadu, ikalala kwenye sita. Akaushika uzi kwa ncha za vidole, akauvuta polepole kuelekea kwetu hadi ukapita juu ya vizibo viwili na kuviacha upande wa maji, kisha akainua macho.

"Mjomba," alisema, "wenye visima hivi wamepewa siku ngapi kuhama?"